Zamu ya Mjini

Jumatatu hiyo simu ya Bibi Afya ililia kabla hajamaliza kufuta meza. Aliyepiga alikuwa dereva wa gari la taka namba tatu, ambaye wenzake walimwita Breki kwa sababu gari lake halikuwa nazo za kutegemewa. Kwa kawaida Breki hakupiga simu mpaka jambo liwe limeharibika kabisa.

"Shikamoo, Bibi Afya."

"Marahaba. Sema."

"Huku dampo geti limefungwa. Wameweka gogo na mabenchi matatu, na wenyewe wamekaa juu yake."

"Kina nani?"

Breki alikohoa. "Watu wa bondeni. Aliyekaa katikati ni kaka yako."

Bibi Afya aliweka kitambaa chini. Alimwambia Breki azime gari, asibishane na mtu, na asije akajaribu kulisukuma lile gogo. Kisha akakaa kidogo, mkono kwenye goti linalomuuma, akitafuta nguvu za kusimama.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, na mtumishi wa ofisi hiyo alikuwa yeye peke yake. Halmashauri tatu zilizopakana, ya mjini, ya bondeni na ile ya ng'ambo ya reli, zilikuwa zimekubaliana kuzoa na kutupa taka za majumbani kwa pamoja, kwa kuwa hakuna hata moja iliyojiweza. Mjini walikuwa na magari. Ng'ambo ya reli walikuwa na katapila la kusukuma na kufunika. Bondeni walikuwa na korongo. Barua yoyote ya ofisi hiyo ya pamoja ilihitaji mihuri mitatu, na mihuri yote ilikaa kwenye droo ya Bibi Afya, hata watu wakamtania kwamba yeye ni serikali tatu ndani ya gauni moja. Utani huo ulikuwa umezeeka, na mwenyewe naye alikuwa amebakiza miezi kumi na minne tu kustaafu.

Makubaliano yalisema dampo litahama kwa zamu, miaka kumi kila halmashauri. Bondeni ndio walioanza. Kuwashawishi haikuwa kazi ndogo. Nani anataka uchafu wa watu elfu themanini mlangoni kwake? Bibi Afya alipita nyumba kwa nyumba, na siku ya mkutano wa wananchi, walipotaka kumzomea, kaka yake alisimama. Alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, na siku hiyo alisema machache vilevile: "Huyu ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Amesema miaka kumi. Hawezi kunidanganya mimi." Watu wakakubali.

Sasa ulikuwa mwaka wa kumi na mbili.

Alifika dampo saa nne. Magari manane yalikuwa yamejipanga barabarani, yamejaa pomoni, maji meusi yakidondoka nyuma na kuchora mistari vumbini. Madereva walikuwa wamekaa upande unakotoka upepo. Breki alimwonyesha njia kwa kidevu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kaa."

Kaka yake akamsogezea nafasi kwenye benchi, kama mtu aliyetembelewa nyumbani. Wale wengine, wanaume kwa wanawake kumi na wawili hivi, wakasogea kando bila kuambiwa.

"Kaka, hamkutoa hata taarifa."

"Tulitoa. Barua nne. Hukuzipata?"

"Nilizipata."

"Ukajibu moja. Ukasema suala linafanyiwa kazi." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Wifi yako sasa anakula ndani ya chandarua. Tunatandika mkeka, tunaingia na sahani zetu, tunakula kama wagonjwa wa wodini. Inzi wanakaa nje wanatusubiri. Maji ya kisima yana rangi ya chai."

"Najua. Nilikuja kuchukua sampuli."

"Ulichukua. Majibu yalikuwaje?"

"Si mazuri."

"Hayo tuliyajua kabla ya chupa zako." Alijifuta paji la uso kwa mkono wenye grisi ya miaka mingi, ile isiyotoka tena kwa sabuni. "Sasa nikuulize, wala simuulizi Bibi Afya, nakuuliza wewe. Hiyo zamu ya mjini, kuna mahali pamepatikana au hapajapatikana?"

Bibi Afya aliangalia viatu vyake. Vumbi la dampo lilikuwa limeshavibadili rangi.

"Wataalamu bado wanaendelea," alisema.

Kaka yake aliitikia kwa kichwa polepole. "Haya. Wakimaliza, utanikuta hapa hapa."

Ukweli ni kwamba wataalamu walikuwa wamemaliza miaka miwili nyuma. Walikuja na vyombo vyao, wakachimba, wakapima udongo na maji, wakaandika ripoti ya kurasa arobaini. Mjini palikuwa na sehemu tatu. Ya tatu, kiwanja cha zamani cha matofali, ilikuwa na chemchemi chini. Ya pili ilikuwa karibu mno na mto ambao watu wanakunywa maji yake. Ya kwanza, waliyoisifu na kuipigia mstari, ilikuwa machimbo ya kokoto yaliyoachwa siku nyingi nyuma ya mtaa mpya: mwamba mgumu, barabara ipo, maji yako mbali.

Bibi Afya aliisoma ripoti hiyo akiwa amesimama. Mtaa huo mpya aliujua vizuri. Yeye na mumewe walikuwa wamejenga huko kwa miaka kumi na saba, msingi mwaka huu, kuta miaka mitatu baadaye, mwaka mwingine mabati, wakisimama kila kilipoisha kitu. Nyumba yao ilikuwa ya nne kutoka kwenye machimbo. Walikuwa na miezi mitano tu tangu wahamie.

Hakuichana wala hakuichoma. Aliigonga muhuri wa kupokelewa, akaiweka kwenye droo, chini ya mihuri, akajiambia ataipeleka kwenye kikao kijacho. Kikao kijacho diwani mmoja wa mjini, ambaye watu walimwita Mheshimiwa Subira, alisimama kama kawaida yake na kusema, "Jambo hili ni zito, tuvute subira." Bibi Afya akanyamaza. Vikao vikapita hivyo, subira ikavutwa kama mpira, na kila robo mwaka yeye alisoma sentensi ileile kwamba wataalamu bado wanaendelea.

Jumatano jioni alimkuta mumewe juu ya ngazi, akifunga kipande cha mfereji wa kukingia maji ya mvua. Mumewe alikuwa mwalimu mstaafu, na hata mkewe alimwita Mwalimu.

"Mjini kumeanza kunuka," alisema Mwalimu kutoka juu. "Nimepita sokoni, mapipa hayaonekani, yamefunikwa. Huyo kaka yako ametuweza."

"Teremka kwanza."

Alipoteremka, akamwambia. Ripoti, kurasa arobaini, droo, miaka miwili. Mwalimu alisikiliza akiwa ameshika nyundo, na alipomaliza kusikiliza akaiweka chini taratibu kana kwamba ingeweza kuvunjika.

"Nani mwingine anajua?"

"Wale wataalamu. Lakini wao ni watu wa mbali, walishaondoka."

"Basi funika kombe mwanaharamu apite. Umebakiza mwaka na kidogo. Atakayekuja ataikuta, ataisoma yeye."

"Na bondeni?"

"Mama, mimi siwachukii watu wa bondeni. Kaka yako ni shemeji yangu, ndiye aliyekubeba siku ya harusi yetu ulipovunjikiwa kiatu. Lakini angalia." Akanyoosha mkono kuzungusha uani: ukuta uliokuwa haujapigwa lipu upande mmoja, ngazi, ndoo ya chokaa. "Nimefundisha miaka thelathini na sita nikilala nyumba za watu. Choo cha kushirikiana na wapangaji saba. Nilikuwa nasema, nikifa nifie kwangu."

"Wao pia wako kwao."

Mwalimu alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa, mikono katikati ya magoti. Akasema, "Ungeniambia miaka miwili iliyopita, ningekuwa nimeshakasirika na kumaliza." Ndiyo maneno pekee ya lawama aliyotoa. Bibi Afya akaenda kupika, na wote wawili walikula bila hamu.

Alhamisi kikao cha pamoja kilikaa kwenye ukumbi wa halmashauri ya mjini. Ilibidi madirisha yafungwe kwa sababu ya harufu ya soko, na feni moja kati ya nne ndiyo iliyokuwa inazunguka, tena kwa kulalamika. Inzi waliingia hata hivyo. Mwenyekiti, mama mmoja mnene mpole kutoka ng'ambo ya reli, alikuwa akiwapunga kwa ajenda ya kikao.

Mheshimiwa Subira ndiye aliyeanza. "Wenzetu wa bondeni wana haki ya kulalamika, hakuna anayekataa. Lakini kufunga geti si ustaarabu. Mimi napendekeza watuongezee mwaka mmoja tu. Wakikataa, basi tuombe askari waliondoe hilo gogo, taka ziendelee kwenda, halafu tukae tuzungumze kwa subira."

Diwani wa bondeni hata hakusimama. "Mwaka mmoja mliuomba mwaka juzi. Mkauomba tena mwaka jana. Mzigo wa mwenzio kwenu ni kanda la usufi. Leteni hao askari, watatukuta."

Watu wakaanza kusema kwa pamoja. Mwenyekiti akagonga meza kwa kalamu mpaka wakanyamaza, kisha akageuka. "Bibi Afya, tupe hali halisi. Wataalamu wamefikia wapi?"

Lilikuwa swali lilelile na karatasi yenye jibu lilelile ilikuwa mbele yake, ameiandaa jana yake asubuhi kwa mazoea. Baadaye alimwambia Breki kwamba hakuamua kitu chochote pale. Alichoka tu. Alichoka kama mtu anavyochoka kushikilia mlango usifunguke, mpaka mikono inaachia yenyewe.

Alitoa kwenye mkoba ripoti, aliyoichukua asubuhi bila kujua kama ataionyesha, akainuka, akaipeleka hadi mbele ya mwenyekiti.

"Walishamaliza," alisema.

Mwenyekiti alifungua ukurasa wa kwanza, akaona muhuri, akasogeza miwani. "Hii imepokelewa miaka miwili iliyopita."

"Ndiyo."

"Ilikuwa wapi?"

"Kwenye droo yangu."

Diwani wa bondeni aliinuka nusu, akakaa. Mheshimiwa Subira aliuliza kwa sauti ya chini, na safari hii aliuliza kweli, "Kwa nini, Bibi Afya?"

"Kwa sababu mahali panapofaa ni machimbo ya kokoto, na nyumba yangu ni ya nne kutoka hapo." Alitaka kuongeza jambo, maelezo fulani aliyoyapanga usiku, lakini alipoyatafuta hayakuwepo. "Zile sehemu nyingine mbili zitaharibu maji. Msizichague. Hilo ndilo ninaloweza kuwaambia."

Akakaa.

Walibishana mpaka saa tisa. Diwani wa bondeni alitaka afukuzwe siku hiyohiyo, na hakuna aliyemlaumu. Mwishowe waliamua mambo mawili. Machimbo yatayarishwe ndani ya miezi saba, na bondeni waombwe kufungua geti kwa muda huo tu, siku isizidi. Bibi Afya naye apewe onyo kali la maandishi, aendelee na kazi mpaka astaafu, kwa kuwa hakuna mwingine anayeijua. Barua ya onyo iliandikwa Ijumaa asubuhi. Ilihitaji mihuri mitatu. Karani wa kikao aliileta ofisini kwake, akasimama mlangoni kwa aibu, na Bibi Afya akafungua droo, akaigonga mwenyewe, mmoja, miwili, mitatu, akasaini kwamba ameipokea.

Kisha akaenda bondeni.

Angeweza kumwachia diwani apeleke habari, na pengine diwani alikuwa ameshazipeleka. Lakini kaka yake alikuwa bado kwenye benchi lilelile, na usoni hakuonyesha kama amesikia au hajasikia. Siku ya tano hiyo. Magari yalikuwa yameongezeka, kumi na moja, na harufu ilikuwa imekuwa kitu cha kushikika.

"Pamepatikana," alisema Bibi Afya. Safari hii alibaki amesimama. "Miezi saba. Imeandikwa na imesainiwa na halmashauri zote tatu."

"Vizuri."

"Kaka, palipatikana zamani. Jumatatu nilikudanganya. Na kabla ya Jumatatu, miaka miwili. Ripoti nilikuwa nayo. Ni pale nyuma ya nyumba yetu."

Kulikuwa na mwanamke pembeni aliyekuwa akimenya chungwa, aliacha kumenya.

"Miaka miwili," kaka yake alisema.

"Ndiyo."

"Wakati wifi yako anaingia na sahani ndani ya chandarua."

"Ndiyo, kaka."

Aliinuka. Alikuwa mtu mzima na ilimchukua muda. Aliwaita wenzake watatu, wakashika lile gogo, wakalivuta pembeni. Breki aliwasha gari. Magari yakaanza kuingia moja moja, na kaka yake akasimama kando ya geti akiyahesabu kwa macho mpaka la mwisho. Kisha akabeba benchi lake kichwani, akapita mbele ya dada yake, akaenda zake bila kuaga.

Miezi saba ile Bibi Afya alifanya kazi kuliko miaka yote ya nyuma. Alisimamia kuwekwa kwa udongo wa mfinyanzi chini ya shimo, tabaka kwa tabaka, akilikanyaga mwenyewe kuona kama limeshindiliwa. Alichimbisha mitaro ya kukusanya yale maji meusi, akagombana na mhandisi juu ya kina chake, akashinda. Aliwabana watu wa ng'ambo ya reli mpaka wakaahidi katapila lifunike kila siku, si kila wiki kama ilivyokuwa bondeni. Wenye wivu walisema anajitengenezea mwenyewe. Ilikuwa kweli, na hakukanusha.

Majirani waliacha kumsalimia. Walianza wa nyumba ya kwanza na ya pili, wakafuata wengine. Jirani wa mkono wa kulia, mshonaji ambaye alikuwa akimpunguzia magauni, alimrudishia kitambaa kikiwa hakijakatwa, akasema mashine imeharibika. Ilisikika ikilia siku hiyohiyo mchana. Mwalimu hakumlaumu mkewe, lakini alihamisha kiti chake cha kusomea kutoka uani hadi sebuleni, na ule upande wa ukuta hakuupiga lipu tena.

Gari la kwanza lilipita mbele ya nyumba yao asubuhi ya mwezi wa nane, mwezi mmoja zaidi ya walivyosaini, kwa sababu ya mvua. Lilikuwa la Breki. Alipunguza mwendo, kwa namna gari lake lilivyoweza kupunguza, akapunga mkono, kisha akaona kama amekosea kupunga, akaushusha.

Harufu ilikuwepo. Haikuwa kama ya bondeni, maana wanafunika, lakini ukiamka alfajiri upepo ukiwa umegeuka, ilikuwepo, na inzi walikuwepo, na vumbi la magari lilikaa juu ya majani ya mbogamboga mpaka mtu amwagilie maji. Bibi Afya alistaafu miezi sita baadaye kwa sherehe ya soda na keki ndogo kwenye ofisi ya chumba kimoja. Alimkabidhi droo kijana mmoja wa kike mchangamfu, akamwelekeza kila kitu, na akamsisitizia kwamba karatasi yoyote isilale humo zaidi ya siku tatu.

Bondeni walilifukia korongo na kulipandia majani. Hayo aliyasikia kwa watu. Kaka yake hakuwahi kupiga simu, na yeye alipopiga, wifi yake ndiye aliyepokea, akamjibu kwa heshima, akasema mwenye simu ametoka.

Miezi mitatu baada ya kustaafu, Jumapili moja kabla ya adhuhuri, kaka yake alisimama getini. Alikuwa amevaa shati la kutokea na amebeba mfuko wa ndizi mbivu. Mwalimu ndiye aliyemwona kwanza, akamkaribisha kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Alikula nao. Aliulizia watoto, mmoja mmoja. Baada ya chakula akaomba aone, na Bibi Afya akampeleka hadi kwenye uzio wa machimbo. Walisimama wakilitazama katapila likienda na kurudi. Kaka yake aliuliza udongo wanautoa wapi, maji yanakwenda wapi, usiku kunakuwaje. Yeye akajibu yote. Upepo ulikuwa upande wao.

"Miaka kumi mtaiona mirefu," kaka yake alisema.

"Tutaiona."

"Na baada yenu?"

"Ng'ambo ya reli."

"Wameshapata mahali?"

"Wanasema wataalamu wanaendelea."

Kaka yake alitoa sauti puani ambayo ilikuwa karibu kuwa kicheko, halafu akatikisa kichwa. "Mimi bado nimekasirika," alisema. "Nilitaka ulijue hilo. Sikuja kwa sababu yamekwisha."

"Umekuja kwa sababu gani?"

"Nimezeeka. Wifi yako naye amechoka kunidanganyia kwenye simu."

Alimsindikiza mpaka kituoni. Basi lilichelewa, na walisimama jua likiwapiga, wakiongea kidogo kidogo juu ya magoti, nani anatumia dawa gani, nani ameambiwa asipande ngazi. Lilipokuja, kaka yake alipanda kwa shida, akakaa dirishani, akasema kupitia kioo kilichofunguka nusu kwamba akifika atapiga simu.

Alipiga saa kumi na moja na robo. Hakuwa na la kusema. Alisema amefika, na kwamba huko mvua imeanza kunyesha, akauliza kama na huko kwao inanyesha.

"Bado," Bibi Afya alimjibu. "Lakini mawingu yapo."